Kinanda cha mjomba kimeamka nusu: usikiuze, na usikichomeke tena kwenye ile adapta

Swali lenyewe nalifupisha, limetoka kwa dada mmoja wa Temeke:

"Shikamoo fundi. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, enzi zake alikuwa anapiga kinanda kwenye kundi la mchiriku. Ameacha Casio MT-40, imekaa kabatini sijui miaka mingapi. Sehemu ya betri imeota ukungu wa kijani. Nikaazima adapta ya redio kwa jirani, ikawaka, ila inavuma, vitufe kama 7 havilii kabisa na vingine mpaka ugandamize kwa nguvu. Af kuna mtu anasema anichukulie kwa elfu ishirini niondoe uchafu nyumbani. Bro wangu anasema tuuze tu, siku hizi sauti zote zipo kwenye simu. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Kabla sijaenda popote, chomoa hiyo adapta. Kama bado imechomekwa wakati unasoma hapa nenda kachomoe kwanza alafu urudi.

Sababu ni hii. Kwenye hicho kinanda karibu kila kitu kinatengenezeka, raba zinasafishwa, waya unarudishwa, spika inabadilishwa, kapasita ziko madukani kibao, hata kitufe kilichovunjika unaweza kutoa kwenye kinanda kingine kilichokufa. Kisichotengenezeka ni chipu kubwa ya katikati, maana hiyo ilitengenezwa maalumu kwa ajili ya vinanda vya Casio tu, huikuti dukani na hakuna inayofanana nayo ya kuweka badala yake, ukiitaka ndo utafute MT-40 nyingine uivunje. Na kinachoua ile chipu siyo uzee wala vumbi, ni umeme uliokosewa. Nimefungua vinanda vingi vya miaka hiyo vimekaa kwenye vumbi la Dar na chumvi ya bahari vikaamka vizuri tu, na nimefungua vingine visafi kabisa kama vimetoka dukani jana vimekufa moja kwa moja kwa sababu mtu alichomeka adapta iliyokuwa karibu.

Matatizo ya adapta yapo mawili. La kwanza ni upande. Adapta nyingi za siku hizi pini ya katikati ni chanya, ila Casio za zamani katikati ni hasi na nje ndo chanya, yaani kinyume. Ukiangalia karibu na tundu la kuchomekea, au kwenye lebo ya chini, utaona kamchoro ka kiduara chenye alama ya kujumlisha na kutoa, hako kamchoro ndo bwana mkubwa, usimsikilize mtu mwingine, hata mimi usinisikilize kama nimesema tofauti na kamchoro. Kwa vile ya jirani iliwaka, upande ulikuwa sawa, hapo ulibahatika. La pili ni volti, na hapa ndo nina wasiwasi. Adapta za zamani zile nzito zenye transfoma ndani zinaandikwa volti 9 lakini ukiipima haijabebeshwa mzigo unakuta 12 au zaidi, na kinanda kidogo hakili umeme mwingi kwa hiyo hakiivuti chini. Na huo mvumo unaousikia mara nyingi ni adapta hiyohiyo, umeme wake haujachujwa vizuri. Jaribu kwa betri mpya (ukishasafisha ule ukungu, nakuja huko), kama kwenye betri hakivumi basi kinanda hakina kosa. Kikivuma hata kwenye betri, hapo tunaanza kuziangalia kapasita, vile vipipa vidogo kwenye bodi, vina zaidi ya miaka 40 na vikikauka ndani sauti inavuma au inakuwa dhaifu. Kubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi yeyote anayejua kuchomelea risasi.

Niseme na hili kwa sababu mjomba wako alikuwa mtu wa mchiriku, ule muziki wa mitaani wa Uswazi. Wale walikuwa wanapiga popote, uwanjani, uchochoroni, penye umeme na pasipo na umeme, na betri ya gari ilikuwa kitu cha kawaida. Betri ya gari ni volti 12, na gari likiwa linanguruma inapanda mpaka 14. Kwa hiyo fungua uangalie kama ndani kuna kazi ya mkono, waya wa ziada, kadayodi (kale kanakoruhusu umeme upite upande mmoja tu) kamechomelewa karibu na tundu, kaheatsinki (kachuma ka kupoza joto) kameongezwa. Ukikuta usikate! Inawezekana kabisa ndo kitu kilichokilinda hicho kinanda miaka yote. Na kama na wewe siku moja utataka kukipiga kwa betri ya pikipiki au gari, nunua moduli ya kushusha volti, zile ndogo za LM2596 zinapatikana Kariakoo, uiset kwa mita mpaka ifike volti iliyoandikwa kwenye lebo KABLA hujaunganisha na kinanda, siyo baada. Na uweke dayodi moja kwenye waya wa chanya, hata 1N4001 inatosha, itakula kama volti 0.7 lakini siku mtu akigeuza waya umeme haupiti.

Sasa ukungu wa kijani. Toa betri zote kama kuna zilizobaki, usizichokonoe kwa kucha, vaa hata mfuko wa nailoni mkononi. Kama zilikuwa alkaline, uchafu wake ni wa magadi magadi, unakatika kwa siki au ndimu, chovya pamba ya masikio, pakaza kidogo kitachemka povu, futa, rudia. Kama zilikuwa zile betri za kawaida za bei rahisi, uchafu wake una asidi, hapo siki haisaidii, tumia baking soda imelowanishwa kidogo. Ukimaliza futa kwa kitambaa cha maji kidogo kisha spiriti, uache ikauke kabisa. Vyuma vikiwa vimeliwa, kwangua kidogo kwa msasa laini mpaka uone kung'aa. Alafu fuatilia waya unaotoka hapo kwenda ndani, maana huo uchafu huwa unatambaa ndani ya ganda la waya, nje unaona waya mzima, ukiukunja unavunjika kama kijiti cha mkaa. Ukikuta hivyo badilisha waya wote.

Tuje kwenye vitufe, hapa nataka uelewe vizuri ili mtu asikudanganye.

Vitufe vya kinanda havina waya kila kimoja wake. Vimepangwa kama kreti la soda, safu za kwenda na safu za kushuka, na chipu inazunguka kuuliza safu moja moja haraka sana, nani kabonyezwa huku, nani kabonyezwa huku. Kwa hiyo usihesabu tu ni vitufe vingapi vimekufa, angalia NI VIPI. Chukua karatasi, chora vitufe vyote 37 kuanzia kushoto, weka alama kwenye visivyolia. Kama vimetawanyika ovyo, kimoja hapa, viwili kule, basi ni uchafu tu chini ya raba na utamaliza mwenyewe nyumbani. Kama vinafuata mpangilio, labda kila baada ya idadi ileile kimoja kimelala, au kuna kundi zima la jirani limenyamaza, hapo safu nzima imekatika, na utafute waya uliochomoka, mstari wa bodi uliopasuka, au dayodi iliyokufa. Fundi akikuambia "raba zimeisha hizi, tubadilishe zote" na karatasi yako inaonyesha safu nzima imelala, ujue hajaangalia.

Na vile vinavyotaka nguvu ni uchafu, hapo nina uhakika karibu wote.

Kufungua ni hivi. Piga picha kwanza kila upande. Skrubu za chini hazilingani urefu, zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kinanda, kila moja mahali pake, maana ukiweka ndefu kwenye shimo la fupi itatoboa juu. Ukianza kuzirudisha, zungusha bisibisi kinyume kwanza, taratibu, mpaka usikie skrubu imedondoka kidogo, tik, hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani, ndo ukaze. Ukiikaza tu inachonga njia mpya kwenye plastiki ya miaka 40 na siku ya tatu pale panapasuka.

Ndani utakuta bodi ndefu, na juu yake ukanda wa raba wenye vichuguu vidogo, chini ya kila kichuguu kuna kidoa cheusi cha kaboni. Kitufe kinaposhuka kile kidoa kinagusa mistari miwili kwenye bodi, umeme unapita, sauti inatoka. Ndo mashine yote hiyo. Inua raba taratibu (usiivute kwa ncha moja, itachanika), futa bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, utaona pamba inarudi na uji wa kijivu, jasho la vidole na moshi na vumbi la miaka. Vile vidoa vya kaboni usivisugue, vipanguse tu kwa kitambaa kisafi. Na naomba sana, usitumie petroli wala thina. Nilipokuwa naanza kazi nilisafisha raba ya kinanda cha mtu kwa petroli kwa sababu ndo kitu kilichokuwa mezani, asubuhi nikaikuta imevimba haikai kwenye matundu yake, na mwenye kinanda alikuwa na harusi ya kupiga Jumamosi. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli karibu na bodi naamka kwenye kiti.

Kitu kingine usikubali ni ile karatasi ya pakiti ya sigara. Mafundi wa rimoti wanaikata vipande wanagundisha chini ya raba badala ya kaboni, na kweli inafanya kazi wiki mbili tatu, lakini inakwangua mistari ya kwenye bodi, na ikiisha hiyo huna pa kurudi. Kama kidoa kimechoka kabisa bora upake kidogo penseli laini, ni ya muda na haiharibu.

Volyumu ikikwaruza, isogeze juu chini mara 30 kinanda kikiwa kimezimwa, alafu puliza spray ya kusafishia kontakti. Na angalia swichi ya kuchagua sauti isiwe imekaa kwenye SET, kwa sababu MT-40 haina vitufe vya kuchagua sauti, unachagua kwa kubonyeza vitufe vilevile vya kupigia, kila kimoja na sauti yake, zipo 22. Watu wengi wananiletea "sauti inajibadilisha yenyewe" kumbe swichi tu.

Sasa ile hoja ya kwamba sauti zote zipo kwenye simu. Kaka yako hajakosea kwamba simu ina sauti nyingi, lakini ajue hicho kinanda ni kitu cha aina gani. Casio walikuwa watu wa mashine za kuhesabu, walianzisha kampuni 1957 kwa mashine ya hesabu, na kinanda chao cha kwanza kabisa, Casiotone 201, kimetoka 1980. Kashio Toshio, mmoja wa ndugu wanne walioanzisha kampuni, ndo alikuwa na ile ndoto ya kinanda. Na wazo lao lilikuwa kwamba sauti ya ala ni kama silabi, ina konsonanti na irabu. Sema "ta". Ile T inagonga mara moja imepita, ile A ndo inabaki inavutika. Gitaa ukilidonoa kuna ule mguso wa kwanza kabisa na kuna mlio unaobaki, wao wakavitengeneza viwili mbalimbali kwa hesabu alafu wakaviunganisha. Mimi kama Mswahili hii kitu iliniingia mara moja, maana lugha yetu ndo imejengwa hivyohivyo, ka, ma, pi, to. Kwa hiyo "piano" ya humo ndani siyo piano iliyorekodiwa, ni hesabu inayojaribu kutamka piano, na lile tamko lake la kitoto kidogo, la pua kidogo, ndo watu wanaolipenda. Ngoma zake nazo siyo za kurekodiwa, zinatengenezwa na saketi ndogo za analojia humohumo kwenye bodi.

Ipitishe sasa sauti hiyo kwenye spika ya honi, ile ya msikitini au ya gari la matangazo, na dumbaki zinapiga pembeni, na mtu anaimba kwenye maiki iliyochoka. Honi haitoi besi, inatoa katikati na juu, na kinanda hiki kidogo sauti yake ipo hapohapo katikati, ndo maana inakata kelele za mtaa mzima mpaka nyumba ya tano wanasikia. Kinanda cha kisasa chenye piano nzuri ukikipitisha pale kinatoka kimefifia. Watu wa Uswazi hawakuchagua vinanda vidogo vya Casio kwa umaskini tu kama wengine wanavyosema, walichagua kwa masikio. Na wengine huo muziki wakauita mnanda, sikia jina lenyewe. Kundi la Jagwa Music limezunguka nao mpaka Ulaya, albamu yao Bongo Hotheads ilitoka huko 2012, na hii singeli inayopigwa kwenye vigodoro leo imetoka kwenye tumbo la mchiriku. Mjomba wako alikuwa humo. Hiyo siyo "uchafu nyumbani".

Na huyo wa elfu ishirini inawezekana anajua alichokiona. Fanya hivi ukishasafisha: mdundo weka kwenye rock, bonyeza synchro, alafu kwenye vile vitufe 15 vya besi upande wa kushoto bonyeza D, cha pili kutoka kushoto. Punguza spidi. Utasikia besi inajitembeza yenyewe na utaijua, hata kama hujui jina utaijua. Ule mdundo uliwekwa humo na dada mmoja wa Kijapani anaitwa Okuda Hiroko, aliingia Casio 1980 akiwa ametoka chuo cha muziki cha Kunitachi, na kazi yake ya kumalizia chuo ilikuwa kuhusu rege. Akapewa kazi ya kutengeneza midundo ya MT-40, iliyotoka 1981, na huo akauita rock. Kule Jamaika, Wayne Smith na Noel Davey wakawa na kinanda hicho mkononi, wakaukuta, wakampelekea prodyuza King Jammy, akaushusha spidi, na mwaka 1985 ukatoka kama Under Mi Sleng Teng. Rege ikabadilika pale, kabla ya hapo besi ilikuwa ya mtu na gitaa lake, baada ya hapo kila mtu akataka mashine, na riddim hiyo (yaani mdundo na besi ambavyo waimbaji tofauti wanaimbia juu yake) imeimbiwa mamia ya nyimbo. Dada aliyeandika thesis ya rege akaweka mdundo akauita rock, Wajamaika wakaisikia rege iliyojificha ndani yake. Mimi kila nikiirudia hii habari nafurahi upya.

Kwa sababu ya hiyo riddim tu MT-40 inatafutwa na wapigaji wa Ulaya na Marekani. Bei sikutajii hapa kwa sababu inategemea hali ya kinanda, lakini kabla hujaongea na mtu yeyote ingia kwenye masoko ya mtandaoni uangalie vilivyouzwa tayari, siyo vilivyotangazwa, maana kutangaza kila mtu anatangaza anavyotaka. Ukishaona hizo namba utajua mwenyewe cha kumjibu huyo wa elfu ishirini. Na kinachotoa sauti vizuri kinauzwa bei tofauti kabisa na kilichokufa nusu, kwa hiyo hata kama mwisho wa siku familia ikiamua kuuza, safisheni kwanza, ni jioni moja tu.

Ukiulizia mimi, kaeni nacho. Hakina MIDI, ile njia ya vinanda kuongea na kompyuta, maana MIDI imekuja 1983, kwa hiyo usihangaike kukiunganisha na kompyuta kama kibodi. Ila kina tundu la kutolea sauti nyuma, toa waya hapo uingize kwenye mashine ya kurekodia, anza volyumu ikiwa chini upandishe taratibu. Usichomeke spika moja kwa moja kwenye hilo tundu, na usiingize humo waya wa spika unaotoka kwenye amplifaya, hilo nalo linaua.

Kazi ya kwanza basi ni ile karatasi ya vitufe 37. Ukishachora nitumie tukague pamoja kabla hujampa fundi hela yoyote.

Na jambo moja. Kwenye picha uliyotuma nimeona kuna nukta za maka peni juu ya vitufe kama sita hivi, na moja kwenye vitufe vya besi. Spiriti inafuta maka peni mara moja, ukipitisha pamba tu imekwenda. Juu ya vitufe safisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uzunguke hizo nukta usiziguse, na kabla ya yote zipige picha kwa karibu. Zibonyeze kwa kufuatana kutoka kushoto, kama bado zinalia, kwa sauti aliyokuwa ameiacha mwenyewe. Inawezekana kabisa ni wimbo wake.